Naomba ushauri: mtoto njiti (aliyezaliwa kabla ya wakati) aliye kwenye mashine ya kupumulia, tupunguze nini kwanza?

Daktari wa Zamu
Wakuu, salaam. Wodini kwetu tuna njiti aliyezaliwa kwa mimba ya wiki 29, kilo 1.2, aliyewekewa bomba la kupumulia na kupewa safaktanti (dawa inayosaidia mapafu kubaki wazi) usiku wa kuamkia leo. Mashine inampa pumzi kwa shinikizo lisilobadilika, na tangu apate dawa kifua kinapanda juu mno, ingawa mahitaji yake ya oksijeni yameshuka hadi asilimia 30. Mwenzangu anasema tusiguse kitu maadamu vipimo vinaridhisha. Mimi nahofia mapafu yataumia kimyakimya.

Mlezi wa Vichanga
Daktari, hofu yako ina msingi. Safaktanti hulainisha mapafu ndani ya dakika chache, hivyo shinikizo lililokuwa likiingiza hewa kidogo sasa linaingiza nyingi kupita kiasi. Mwaka 1988 mtafiti Dreyfuss na wenzake walifunga vifua vya panya visitanuke, na mapafu yakastahimili shinikizo kubwa. Panya waliotanuliwa kwa hewa nyingi, hata bila shinikizo hilo, mapafu yao yalijaa maji. Vifuko vya hewa vikivutwa hivyo hutoa kemikali zinazoita seli nyeupe za damu, nazo huendeleza uvimbe hata baada ya mashine kurekebishwa. Wekeni lengo la ujazo, yaani kiasi cha hewa katika kila pumzi, mililita 4 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito. Kwa huyu ni takribani kijiko kimoja cha chai.

Muuguzi Mkongwe
Naomba kuongeza kwamba bomba la kichanga huvujisha hewa pembeni, kwa hiyo someni ujazo unaotoka, si unaoingia. Shinikizo la mwisho wa pumzi, lile linalobakizwa mapafuni mtoto akimaliza kutoa hewa, nalo msiliondoe, kwani mapafu yanayojifunga na kufunguliwa kila pumzi hujeruhiwa vilevile.

Daktari wa Zamu
Nashukuru sana. Tatizo ni kwamba mashine yetu ni ya zamani, haina lengo la ujazo.

Mlezi wa Vichanga
Basi shusheni kidogo kidogo shinikizo la juu la kila pumzi, sentimita 1 au 2 za maji (kipimo cha shinikizo) kila mara, mkitazama kifua na kupima gesi za damu, kwa sababu kaboni dayoksaidi ikishuka mno ubongo nao huwa hatarini. Ila kama anapumua mwenyewe, mimi nisingekaa naye kwenye bomba. Mpeni kafeini, dawa ya kuchochea upumuaji, ambayo utafiti wa mwaka 2006 kwa watoto wa gramu 500 hadi 1250 ulionyesha kuwa hupunguza ugonjwa sugu wa mapafu, kisha mtoeni bomba mumhamishie CPAP (hewa ya shinikizo kupitia puani, bila bomba) mapema, leo hii ikiwezekana.