Tupeane uzoefu: lengo gani lilikupa furaha iliyodumu?

Fundi Cherehani (mwanzisha uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Sitaki maneno ya hamasa hapa, hayo yamejaa kwenye stetasi za watu. Nataka visa vya kweli: ulijiwekea lengo gani, ulilishikiliaje, na lilikufanya nini rohoni. Ulilifikia au hukulifikia, yote twende nayo. Habari za simu mpya tuziache, furaha yake tunajua inaishia wapi.

Naanza mimi. Nashona nguo Morogoro, niliishia la saba. Nilipovuka arobaini nikaingiwa na hamu ya cheti cha kidato cha nne. Kwa wasioijua njia: ambaye hakupita sekondari anaanza na Mtihani wa Maarifa, huu tunaouita QT, wa kiwango cha kidato cha pili. Ukifaulu ndipo unajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kote huko unakutana na NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania.

Mchana cherehani, jioni tuisheni. Kilichonitesa ni Kiingereza, maana sekondari karibu masomo yote yako kwa lugha hiyo. Binti yangu naye alikuwa kidato cha pili, tukawa tunagombea meza na kitabu cha Biolojia, na mara nyingi yeye ndiye ananisahihishia matamshi. Zamani jua likizama nilikuwa naanza kuhesabu: nani hajalipa, kodi ya fremu, ada. Niliposoma madeni hayakupungua hata shilingi, ila yalikosa pa kukaa kichwani, maana usiku ulikuwa na fotosinthesisi ya kukariri.

Nikapata divisheni foo, na F ya Hisabati juu yake. Watu wananiuliza itanisaidia nini. Swali zuri. Hadi leo hakijaniongezea hata oda moja ya sare za shule. Lakini nimesajili tena Hisabati, na jioni zangu bado zina kazi. Karibuni.

Mkulima wa Njombe
Mimi ni parachichi. Mche wa Hass (aina ya parachichi) uliobebeshwa, yaani kikonyo chake kimeungwa juu ya shina la mche mwingine, unaanza kukupa matunda ya kueleweka mwaka wa tatu au wa nne, na maua ya mwanzo unashauriwa uyapukutishe ili mti ujijenge kwanza. Hebu fikiria, unapukutisha kwa mkono wako kitu ulichokisubiri! Mzee wangu alinitazama siku hiyo akaondoka bila kusema neno. Miaka ya kungoja tulikula maharage ya katikati ya mistari. Sasa yanavunwa. Bei ikishuka naumia kama kila mtu, lakini Jumapili nikitoka kanisani lazima nipitie shamba, nazunguka mti kwa mti bila sababu yoyote. Mke wangu anasema naiongelesha miti. Sikatai.

Baba Nyumba, Kimara
Naomba kupinga kidogo. Lengo langu lilikuwa kuacha kupanga. Msingi, boma, boma likakaa mpaka likaota nyasi ndani, nikapaua, nikahamia bila dari. Raha ilikuwepo, hasa ile siku ya kwanza bila kugongewa mlango kuulizwa zamu yako ya luku. Baada ya hapo Jumamosi zikawa ndefu mno. Nilikuwa nimezoea saiti, kubishana na fundi saruji imekwenda wapi. Nyumba ipo, hamu imekwisha. Nimeanza kufuga kuku, na sitanii, sababu ni hiyo tu.

Fundi Cherehani
Mkuu unapinga au unaunga mkono? Naona umesema kilekile.

Deiwaka
Mnaongea kama vile malengo yote yalikuwa yenu. Mimi nilisoma uhasibu kwa lengo la baba. Nikamaliza, cheti nikampa yeye, akakitundika sebuleni. Sikusikia chochote moyoni. Sasa hivi nina pikipiki ya mkataba: kila siku hesabu ya tajiri kwanza, mkataba ukiisha chombo changu. Nimebandika karatasi mlangoni, kila jioni nakata mstari. Mvua ya Dar ikishinda inanyesha hesabu inalala, kesho nadaiwa mbili. Na bado naamka na nguvu. Mzee hajafurahi, ila ameanza kuuliza imebaki miezi mingapi.

Jirani wa Eldoret
Huku kwetu tulikuwa na mzee Kimani Maruge. Serikali ilipofuta karo za shule za msingi 2003, yeye akaingia darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Vurugu za baada ya uchaguzi zilimtupa kambini mapema 2008, na akiwa kambini bado alikuwa akienda shule. Alifariki 2009 kabla ya kumaliza la nane. Sijawahi kusikia mtu huku akisema alipoteza muda wake.

Mwanasaikolojia wa Mtaani
Charles Snyder wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichunguza tumaini kwa miaka mingi. Kwake tumaini si kutamani tu: kuna lengo, kuna msukumo wa kuliendea, na kuna uwezo wa kuona njia nyingine ile ya kwanza ikifungwa. Deiwaka hapo juu anavyo vyote, na njia yake inafungwa kila mvua. Mimi hilo la tatu ndilo linanishinda. Njia moja ikiziba nalala.

Baba Nyumba, Kimara
Mkulima, nina kieneo Makambako cha urithi, ekari moja tu. Inaingia miche mingapi?

Mkulima wa Njombe
Mita 7 kwa 7 inakupa kama 80. Usiogope nafasi itakayobaki katikati, weka maharage. Ila chimba mashimo mapema kabla ya mvua, na mche ukague mwenyewe pale ulipobebeshwa kabla hujatoa hela. Kuku wako nao watakupa mbolea.