Toleo la ngozi la Frankenstein limeota ukungu baada ya masika: nilihifadhi vipi?

Msomaji wa Kibokoni

Assalamu alaikum, wapenzi wa vitabu.

Mwaka jana ndugu yangu anayeishi Uingereza aliniletea zawadi niliyokuwa nikiitamani tangu siku za shule: toleo maalumu la riwaya ya Frankenstein ya Mary Shelley. Limefungwa kwa ngozi nyeusi ya mbuzi, karatasi yake ni nzito, ya pamba, kingo za juu za kurasa zimepakwa dhahabu, na picha zake zimepigwa chapa kutoka kwenye vibao vya mti vilivyochongwa kwa mkono. Ukipitisha kidole juu ya maandishi unahisi vishimo vya herufi. Kila nakala imeandikwa namba kwa kalamu na kutiwa sahihi na mchoraji. Kitabu kilikuja ndani ya kasha lake lenye bitana ya kitambaa, pamoja na karatasi ya muuzaji iliyoagiza kwamba kikae humo daima, mbali na mwanga.

Nilitii agizo hilo. Kasha nililiweka kwenye kabati la vioo sebuleni, na kwa muda wa miezi minane nilikitoa kitabu mara mbili tu, kuwaonyesha wageni. Masika yalipokwisha nilikifungua nikakuta madoa meupe, mfano wa unga ulionyunyizwa, yametanda kwenye mgongo wake wote, jalada la mbele limepinda, na kurasa zina harufu ya chumba kilichofungwa siku nyingi. Nimeumia moyoni, kwa sababu nilikuwa nikijisifu kwamba ninakitunza.

Naomba mnisaidie kwa mambo matatu. Kwanza, madoa haya yanaondolewaje bila kuharibu ngozi? Pili, kuna aliyenishauri nilivue jalada na kutia jipya; je, ni ushauri mwema? Tatu, hakuna mahali kitabu kinaposema kimefuata matini ya mwaka 1818 au ya mwaka 1831, nami ningependa kujua ninamiliki ipi.

Fundi wa Majalada, Majengo

Waalaikumu salamu, ndugu yangu. Pole sana, lakini usikate tamaa, kwani ukungu wa juu ya ngozi si mwisho wa kitabu.

Jambo la kwanza ni kutokukifuta sasa hivi. Ukungu ukiwa bado mbichi, kitambaa, hata kikiwa kikavu, huusukuma ndani ya vinyweleo vya ngozi, na hapo doa halitoki tena. Kitenganishe na vitabu vingine, ukisimamishe kikiwa kimefunguka kidogo katika chumba chenye kivuli na upepo, feni iwe inazunguka lakini isikielekee moja kwa moja, na ukiache siku kadhaa mpaka yale meupe yawe makavu kabisa kama vumbi. Ndipo ukipeleke barazani, ufunge pua na mdomo, ulipanguse vumbi hilo kwa brashi laini ya nywele, ukianzia kwenye mgongo na kwenda nje, usije ukaliingiza kwenye mshono. Usitumie siki, spiriti wala mafuta ya nazi. Jua nalo liogope: linaua ukungu, ni kweli, lakini huifubaza ngozi na kuikausha hadi ipasuke penye bawaba za jalada.

Sasa niseme juu ya kasha, maana hapo ndipo penye ugonjwa. Agizo la muuzaji ni zuri kwa mtu wa London, ambaye nyumba yake hupashwa moto miezi mingi na hewa yake ni kavu. Wahifadhi wa vitabu hupenda unyevu wa hewa usizidi asilimia 50 hivi, na ukungu huanza kuota unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 au 70. Sisi hapa Mombasa tunaishi juu ya kiwango hicho karibu mwaka mzima. Kasha linalobana, lenye bitana ya kitambaa, huvuta unyevu wa masika na kuushikilia ndani pasipo upepo, na ngozi ni chakula kitamu kwa ukungu. Kitabu chako kingekuwa salama zaidi kama kingekaa mezani kikasomwa kila wiki. Kasha litunze, kwa kuwa ni sehemu ya toleo, ila lisiwe nyumba ya kitabu.

Jambo jingine, kabati lako limeegemea ukuta upi? Ikiwa nyumba yenu ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta wa nje hunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole ndani. Livute kabati liwe mbali na ukuta angalau shubiri moja, na uache mlango wake wazi kidogo.

Kuhusu jalada jipya, nakusihi usikubali, na hii ndiyo kazi inayonilisha. Mwaka 2021 nakala ya toleo la kwanza la riwaya hiyo hiyo iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 1, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba bado ilikuwa na majalada yake ya awali, yale ya makaratasi magumu ambayo wanunuzi wa zama zile waliyavua na kutia ngozi. Kupinda kwa jalada kutapungua kwenyewe hewa ikitulia. Kikisha kukauka, kilaze chini ya ubao wenye uzito wa wastani kwa wiki mbili au tatu.

Mama Tudor

Mimi vitabu vya marehemu baba, misahafu na vinginevyo, tuliviweka kwenye sanduku la mti pamoja na karafuu, na kila Alhamisi tulifukiza udi chumba kizima. Havikuliwa na wadudu. Naona ufanye vivyo hivyo, na uongeze vidonge vya naftalini, kisha ukifunge kitabu kwa nailoni unyevu usiingie.

Fundi wa Majalada, Majengo

Mama, karafuu sizipingi, mradi zikae kwenye kifuko na zisigusane na ngozi, kwa kuwa mafuta yake huacha doa. Moshi wa udi, hata hivyo, una masizi yenye mafuta yanayotua kwenye kingo za kurasa. Chumba kifukizwe kitabu kikiwa chumba kingine. Naftalini ina sumu kwa anayeipumua, na harufu yake haitoki kwenye karatasi. Nailoni ndiyo mbaya kuliko yote, kwani unyevu uliomo ndani ya kitabu hufungiwa humo humo.

Anayetumia kiyoyozi aangalie pia: kitabu kilichopoa usiku kucha kikitolewa ghafla kwenye joto la mchana, hewa hutoa jasho juu yake kama juu ya chupa ya maji baridi.

Mwalimu Mstaafu, Likoni

Mwanangu, hilo swali la tatu niachie mimi, maana nimeisoma riwaya hiyo kwa matini zote mbili.

Fungua sura. Toleo la kwanza lilitoka London Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi, katika vitabu vitatu, na hesabu ya sura huanza upya katika kila kitabu: 7, kisha 9, kisha 7. Lile la 1831 ni kitabu kimoja chenye sura 24 mfululizo. Kisha mtazame Elizabeth, mchumba wa Victor Frankenstein, yule kijana msomi aliyeunda kiumbe hai. Katika matini ya kwanza ni binti wa shangazi yake; katika ya pili ni yatima aliyeokotwa kwa wakulima maskini huko Italia. Tofauti si ya ukoo tu. Mwandishi alipoirudia kazi yake, baada ya kuzika mume na watoto, alimfanya Victor aonekane kama mtu anayesukumwa na majaliwa, ilhali yule wa 1818 anachagua mwenyewe na kumtelekeza kiumbe chake kwa hiari yake. Mimi naipenda zaidi ile ya kwanza, kwa sababu haimpi udhuru.

Na ukisome, mwanangu. Yule kiumbe asiye na jina aliokota msituni mkoba wa ngozi wenye vitabu, akavisoma peke yake hadi akajua huzuni yake inaitwaje. Sehemu hiyo hainipiti bila kunigusa.

Msomaji wa Kibokoni

Shikamoo Mwalimu, na nyote nawashukuru kwa dhati. Kabati lilikuwa limegusa ukuta wa upande wa bahari, na nyuma yake chokaa ilikuwa imevimba na kumomonyoka, nimelivuta. Kitabu kimekauka siku tisa, na jana alasiri nilikipangusa barazani. Madoa yametoka yote isipokuwa moja dogo karibu na jina la kitabu, lenye ukubwa wa punje ya mtama. Aliyenishauri kubadili jalada nimemwambia hapana.

Sura zinaanza upya mara tatu, na Elizabeth ni binti wa shangazi. Nimefika pale Victor anapokimbia chumba chake usiku wa kwanza, na kitabu kiko mezani.