Timu ya kujitolea, kazi haziishi: tuanze na ipi? Naomba ushauri

MwanaTudor
Assalam aleikum, hamjambo ndugu zangu.

Sisi ni kikundi cha watu watano hapa Mombasa, tunatunza programu huria ya kuweka hesabu za chama. Hakuna anayelipwa. Mmoja yuko bandarini kwa zamu, wawili wanasoma, mmoja ni mwalimu, mimi nina kazi ya ofisini. Tukipata jioni mbili kwa wiki twamshukuru Mungu.

Programu imekubalika, alhamdulillahi. Vikundi vya akina mama kutoka Likoni hadi Mtwapa wanaitumia, na hapo ndipo mambo yalipotulemea. Huyu anataka rangi ya giza, yule anataka risiti ziende WhatsApp moja kwa moja. Kuna kijana wa Eldoret ametuletea msimbo mwingi (maandishi ya programu, yaani code) wa kuchora grafu, na kila siku anauliza mbona haujaunganishwa.

Wakati huohuo kuna hitilafu moja inayoninyima usingizi. Mweka hazina akiandika mchango wa shilingi 500 akiwa hana bando, na katibu akaandika kwa simu yake marejesho ya mkopo ya mwanachama yuleyule, simu zikipata mtandao rekodi ya mwisho inaifuta ya kwanza. Kimyakimya. Mama wa watu amelipa, hesabu zinasema hajalipa.

Kuitengeneza kunataka mtu akae nayo jioni kadhaa mfululizo. Basi tukikutana tunamaliza vitu vidogo vidogo, tunaondoka. Wenzangu wanahofia kwamba tukiwanyima watumiaji wanachoomba, watatukimbia. Nyinyi mnapangaje?

Bi_Kisauni
Waaleikum salaam kaka. Mimi si mtu wa msimbo, ni mweka hazina. Hakuna atakayetoka kwenye chama kwa sababu ya rangi ya giza. Mia tano ikipotea, watu wanaacha kusemezana, na anayeitwa mwizi ni mimi. Lindeni pesa kwanza. Na msingoje mpaka mtengeneze: wekeni tangazo leo ndani ya programu kwamba kwa sasa mtu mmoja tu ndiye aandike. Tutaelewa. Tusichoweza kuelewa ni kufichwa.

fundi_wa_seva
Bi Kisauni amemaliza nusu ya kazi. Niongeze ya upande wetu.

Kosa ninaloliona ni kwamba mnapima kazi kwa sauti ya anayeiomba. Pimeni kwa madhara. Debian, mradi wa mfumo huria wa kompyuta unaotunzwa na watu wa kujitolea tangu 1993, wana ngazi za uzito wa hitilafu. Inayopoteza data ya mtumiaji au kufungua mwanya wa usalama inakaa ngazi za juu, zile zinazoweza kuzuia toleo jipya lisitoke. Maombi ya vitu vipya yana ngazi yake chini kabisa, ya matamanio. Hayafutwi, yanabaki pale yakisubiri mtu mwenye nafasi.

Kwenu ningeuliza maswali kwa mpangilio huu: je, pesa au rekodi ya mtu inapotea? Je, asiyehusika anaweza kuona hesabu za watu? (Hili la pili msilidharau, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na majina pamoja na madeni ya watu ni data.) Je, programu inakataa kufunguka? Tiketi (ombi au hitilafu iliyoandikwa kwenye orodha yenu ya kazi) isiyogusa lolote kati ya hayo, isubiri bila nyinyi kujiona wabaya.

Halafu hiyo kazi nzito mpeni mtu mmoja, na mumwondolee mengine yote. Asijibu ujumbe, asikague msimbo wa mtu. Hitilafu ya kulinganisha rekodi za simu mbili huwezi kuishika ukiwa unakatizwa kila robo saa. Tena tangazeni tarehe za matoleo. Ubuntu, mfumo mwingine huria wa kompyuta, hutoka Aprili na Oktoba, na ambacho hakijakamilika hungoja zamu inayofuata. Tarehe ikijulikana, maswali ya "lini?" hupungua sana.

mwalimu_nyali
Nakubali, ila msifunge mlango wa tiketi ndogo. Wageni huingilia hapo. Zile nyepesi ziwekeeni alama, waachieni wanafunzi wapya, wala msizishike nyinyi wazoefu.

KaskaziKusi
Kuhusu msimbo wa grafu: mkishauunganisha ni wenu, mtautunza hata aliyeuleta akiondoka. Kwa hiyo kuukubali ni ahadi ya muda ambao hamnao.

Na msikubali kusukumwa. Mwaka 2022 mtunzaji wa xz (programu huria ya kubana mafaili), Lasse Collin, aliyekuwa akijitolea, alisongwa na watu waliolalamika kwamba anachelewa. Aliyejiita Jia Tan alikuwa karibu akisaidia kwa upole, akaaminiwa, akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Mwaka 2024 Andres Freund aliona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kunachelewa kama nusu sekunde, akachimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz. Simshuku kijana wa Eldoret hata kidogo. Mjibuni kwa heshima na mpeni tarehe ya kweli, lakini haraka yake isiwapangie ratiba.

MwanaTudor
Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Tangazo linaingia usiku huu. Mwenzetu wa bandarini ana likizo wiki ijayo na amekubali kuishika hitilafu peke yake. Kijana nimemwandikia: tutaangalia grafu baada ya toleo la Oktoba, na akipenda aanze kwa kuandika majaribio ya hesabu za riba. Swali moja limebaki: jumbe za WhatsApp za saa tano usiku tufanyeje?

fundi_wa_seva
Wekeni zamu ya wiki. Mmoja anajibu na kuandika tiketi, wanne wanazima arifa. Asiye zamu asijibu hata kama jibu analo.

Bi_Kisauni
Mkimaliza niiteni nijaribu kabla hamjawapa wengine. Katibu wangu yuko Mishomoroni, mtandao wa huko hukatika wenyewe.