MJADALA: Je, Marekani ilikosea kuifuta ofisi huru ya udhibiti wa silaha?

Wadau, naweka hoja mezani.

Mwaka 1961, enzi za Kennedy, Marekani iliunda wakala maalumu wa udhibiti na upunguzaji wa silaha. Mkurugenzi wake alikuwa na haki kisheria ya kumshauri rais mwenyewe. Tarehe 1 Aprili 1999 wakala huo ukafutwa, kazi zake zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Aliyeshinikiza zaidi ni Seneta Jesse Helms, mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti. Nasema lilikuwa kosa, na panga pangua zilizofuata zimelizidisha.

Tazameni miaka ya 1960. Wizara ilikuwa imeshikilia mpango wa kuunda kikosi cha nyuklia cha pamoja na washirika wa NATO, na Wasovieti hawakutaka hata kuusikia. William Foster, mkurugenzi wa wakala ule, na watu wake wakang'ang'ania kwamba mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia una maana kuliko kikosi hicho. Mpango wa kikosi ukafa, mkataba ukafunguliwa kutiwa saini Julai 1968. Foster angekuwa mkuu wa idara chini ya waziri, hoja yake ingeishia kwenye meza ya waziri. Kazi ya wizara ni kulinda urafiki na mataifa, na anayedhibiti silaha mara nyingi inambidi amuudhi rafiki.

Na jambo hili linatugusa sisi Waafrika. Urani ya mgodi wa Shinkolobwe, kule Katanga nchini Kongo, ilitumika katika mradi uliozaa mabomu ya nyuklia ya 1945.

MCHANGIAJI: Mkuu, umeeleza vizuri ila sikubaliani. Mkataba wa 1987 wa kuteketeza makombora ya masafa ya kati uliwezekana kwa sababu Rais Reagan na Gorbachev, kiongozi wa Wasovieti, walitaka. Na New START, mkataba wa 2010 kati ya Marekani na Urusi ulioweka kikomo cha vichwa vya nyuklia 1,550 kila upande, aliyeongoza mazungumzo upande wa Marekani ni Rose Gottemoeller, ofisa wa wizara hiyo hiyo. Wakala ulikuwa umeshakufa miaka 11! Rais akitaka, mambo yanakwenda. Kwa nini walipakodi wagharamie ofisi mbili?

MTOA HOJA: Ndugu yangu, utashi wa rais sibishani nao. Ila rais anatia saini siku moja, ukaguzi unadumu miaka. New START iliruhusu hadi kaguzi 18 kwa mwaka, na kazi hiyo inahitaji watu waliobobea. Mwaka 2005, ndani ya wizara, idara ya udhibiti wa silaha ilimezwa na ile ya kuzuia kuenea kwake. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilipochunguza, mwaka 2009 ikaeleza kuwa wizara haikuwa na malengo bayana wala kipimo cha kuonyesha mabadiliko yamefaulu. Mwaka 2010 serikali ya Obama ikairudisha idara ya udhibiti. Mwaka 2025, chini ya Waziri Rubio, idara hizo mbili zikaunganishwa tena, katika mageuzi yaliyopunguza wafanyakazi zaidi ya 1,300 wizarani.

Unasema gharama. Kila panga pangua wataalamu wanaondoka, na mtu anayejua kusoma takwimu za makombora ya Urusi huchukua miaka mingi kumpata. New START imefika mwisho Februari 2026. Rais akiamua kesho kutafuta mkataba mpya, nani atakaa mezani na Warusi?