Mayelaitisi: mkanda kifuani na miguu kuwaka

Wakuu habari, mdogo wangu alipata transvesi mayelaitisi, uti wa mgongo ulivimba kwa ndani, akachomwa steroidi sasa anatembea na fimbo ila anasema kifua kama kimefungwa mkanda na usiku miguu inawaka hadi shuka hataki limguse, hii inaishaga kweli?

— Pole mkuu. Huo mkanda hata mi ninao, jua likiwa kali au nikioga maji ya moto unabana zaidi, nikipoa unalegea. Miguu kuwaka natumia gabapentini, dawa ya maumivu ya neva, panadol hapo unajisumbua tu

— Mkojo je? Usipoisha wote asione aibu amwambie daktari, mkojo ukibaki unaweza kuharibu figo. Na akipewa baklofeni, dawa ya misuli kukakamaa, asiiache ghafla

— Mpime damu NMO pia, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia uti wa mgongo na neva za macho, hiyo hurudi rudi na dawa zake tofauti