Siku moja Lisbon na wazee: ratiba hii inawezekana?

BintiRuangwa
Habarini wadau. Kikundi chetu cha Watanzania tunaoishi Uholanzi kinakwenda Ureno mwezi wa tano, na Jumanne nzima tutakuwa Lisbon. Tuko 14, wengi akina mama watu wazima, wawili magoti yanawasumbua. Ratiba nimebebeshwa mimi. Nimepanga asubuhi tramu namba 28, kisha ngome ya São Jorge, Alfama kwa miguu, baada ya chakula Belém, jioni lifti ya Santa Justa. Mliofika huko, naombeni ushauri.

Kaka_Usambara
Dada, hiyo ratiba ya vijana. Lisbon ni vilima vitupu na njia zake zimetandikwa vijiwe vyeupe vinavyoteleza hata pakavu. Tramu 28 ni behewa moja dogo la miaka ya 1930. Watu 14 hamtapanda pamoja, na wezi wa mifukoni wanaipenda sana. Chagueni upande mmoja wa mji.

MtuwaKilwa
Dada, kwanza wape wazee wote shikamoo zangu.

Mimi kwetu Kilwa Masoko, naishi huku Lisbon. Kila mgeni kutoka nyumbani namwambia neno moja: usiondoke hujaiona dhahabu ya Kilwa. Wengi hawajui kama ipo. Iko Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Rua das Janelas Verdes, na ndiyo ningeanza nayo kabla ya kitu kingine chochote.

Ni monstransi, yaani chombo cha kanisani cha kuonyeshea Ekaristi, ule mkate mtakatifu; Wakatoliki kwenye kundi lako wataijua mara moja. Wenyeji wanaiita Custódia de Belém. Kimo chake sentimita 73, dhahabu na rangi za enameli. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka mahali pa kuweka Ekaristi, na juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Lakini waambie wazee wainame watazame kitako. Pale pamezungushwa maandishi kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, ikamalizika mwaka 1506. Jina la kwetu limeandikwa kwa tahajia yao ya zamani, lakini unalisoma bila shida.

Kodi hiyo haikutolewa kwa hiari. Mwaka 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alitia nanga Kilwa na mizinga yake, akamtishia mtawala, Amir Ibrahim, mpaka akakubali kumlipa mfalme wa Ureno. Dhahabu yenyewe ilitoka bara huko kusini, ikipitia Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, na ndiyo biashara iliyoitajirisha Kilwa miaka mingi kabla Mreno hajaonekana. Na kulipa hakukuwaokoa. Mwaka 1505 alikuja Francisco de Almeida na meli za vita, akauteka mji.

Mkitoka makumbusho, teremkeni mpande tramu 15E kwenda Belém. Njia hiyo ina tramu ndefu za kisasa, kuingia ni rahisi hata kwa mwenye goti bovu, na Belém yote ni tambarare kando ya mto Tejo. Ingieni kanisa la monasteri ya Jerónimos. Ukivuka mlango, kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama, limechongwa merikebu ubavuni. Alifia India mwaka 1524, mifupa ikahamishiwa hapo mwaka 1880. Na ile monstransi mfalme aliiagiza kwa ajili ya monasteri hii hii, kwa hiyo fuateni mpangilio huo: dhahabu kwanza, kaburi baadaye. Nimewapeleka watu kwa namna zote mbili, na wanaoanza na dhahabu ndio wanaosimama pale kaburini wakaulizana maswali.

Kaka_Usambara
Mkuu, hiyo dhahabu sikuwahi kuisikia. Ila kwa nini tulipe kiingilio kutazama tulichonyang'anywa?

MtuwaKilwa
Swali la haki. Mimi hulipa, kwa sababu Husuni Kubwa, jumba la masultani wa Kilwa, ukienda leo unakuta kuta tu, na kitu cha Kilwa cha siku zile kilichobaki kizima namna hii sijakiona kwingine. Mtoto wangu alizaliwa huku. Darasani alifundishwa safari za Vasco da Gama. Kilwa ameijulia mbele ya kabati lile.

BintiRuangwa
Kaka, umenibadilishia siku nzima. Tramu 28 na lifti nimeviondoa. Nusu yetu ni Waislamu, wangependa kuswali Adhuhuri. Na chakula?

MtuwaKilwa
Msikiti Mkuu uko karibu na Praça de Espanha, uko tangu 1985, na metro inafika. Ila kutoka Belém ni mbali kidogo, kwa hiyo wanaoswali wakodi teksi kutoka makumbusho, mkutane Belém. Chakula mkubaliane samaki wa kuchoma, hapo hakuna wa kusumbuka. Vile vitobosha vya maziwa na mayai vya Pastéis de Belém, wanavyovioka tangu 1837, msipange foleni ya nje ya kununua na kuondoka. Ingieni ndani, vyumba ni vingi, wazee wakae. Makumbusho hufungwa Jumatatu, Jumanne yenu iko salama, lakini angalia tovuti yao wiki hiyo kabla hujakata tiketi.