Re: Kura ya mchujo ya Agosti hapa Minnesota, lazima niwe na kadi ya chama?

Kutoka: Mama Baraka, Robbinsdale

Hamjambo ndugu zangu. Niliapa kiapo cha uraia mwezi Machi, na tangu wiki iliyopita simu yangu haitulii kwa ujumbe wa wagombea. Juzi jioni vijana wawili wamebisha hodi wakitaka kujua kama mgombea wao wa ubunge atapata kura yangu Agosti. Mimi nilikuwa najiandaa kwa Novemba.

Naomba mwenye uzoefu anisaidie. Je, ni lazima niwe na kadi ya chama? Nikimpigia mtu wa chama fulani Agosti, Novemba nitabanwa nibaki na chama hicho? Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, zamu inaanza saa tisa alasiri na mara nyingi naunganisha mbili. Halafu mdogo wangu ninayeishi naye, mwenye grinikadi, walimuuliza pale pale mlangoni kama naye amejiandikisha. Anaruhusiwa?

Kutoka: Baba Tumaini, Brooklyn Park

Mama Baraka, hongera sana kwa uraia.

Nianze na mdogo wako, maana hapo ndipo kwenye hatari. Mwenye grinikadi, yaani kibali cha kuishi hapa kwa kudumu bila uraia, haruhusiwi kupiga kura ya Kongresi, iwe Agosti au Novemba. Ni kosa la jinai kwa sheria ya nchi nzima, na linaweza kumfukuzisha Marekani hata kama ameishi hapa miaka ishirini, analipa kodi na watoto wake wamezaliwa hapa. Hata kujiandikisha tu, au kuweka alama kwenye kisanduku kinachosema "mimi ni raia", kunatosha kumharibia. Siku akiomba uraia, fomu itamuuliza waziwazi kama aliwahi kujiandikisha au kupiga kura.

Watu wetu wengi wanaponea chupuchupu kwenye ofisi ya leseni ya udereva. Foleni ni ndefu, karani anauliza maswali mbio mbio, na mtu anaitikia ndiyo kwa kila kitu ili amalize. Mwambie mdogo wako asome kila mstari kabla ya kutia saini. Wale vijana wa mlangoni hawana ubaya, wanafuata orodha ya nyumba tu, lakini wao si wanasheria. Anachoruhusiwa ni kujitolea bila malipo: kugonga milango, kupiga simu, kuwapeleka watu vituoni. Mwenye grinikadi anaweza pia kumchangia mgombea fedha zake mwenyewe. Aliyeko hapa kwa viza ya masomo au ya kazi asichange hata dola moja.

Sasa maswali yako. Minnesota hakuna kadi ya chama. Ukijiandikisha kupiga kura huulizwi wewe ni wa chama gani. Agosti wapiga kura wanachagua wagombea wa vyama watakaokutana Novemba. Utapewa karatasi moja yenye safu za vyama, Democrats (hapa wanaitwa DFL) safu yao na Republicans yao. Unachagua safu moja na kubaki humo humo, kuanzia kiti cha Kongresi hadi vya chini yake. Ukiweka alama huku na kule, kura zako za vyama zinaharibika. Nimesimamia kituo na nimeliona hili mara nyingi: mtu anampenda huyu wa kushoto na yule wa kulia, anajaza viduara vyote viwili, anaingiza karatasi kwenye mashine, mashine inaikataa. Ikifika hapo usione haya, na usibonyeze kitufe cha kuikubali hivyo hivyo. Mwambie msimamizi unataka karatasi mpya. Ile ya kwanza itawekwa kando kama iliyoharibika nawe utaanza upya.

Hakuna anayeandika ulichagua safu gani. Kinachobaki kwenye kumbukumbu ni kwamba ulipiga kura siku hiyo, basi, na ndiyo maana wagombea wanajua nani wa kumtumia ujumbe. Kura ya mchujo ya urais, ile ya Machi, hiyo ni tofauti: kule unataja chama na vyama vikubwa vinapewa orodha. Novemba uko huru kabisa, changanya utakavyo.

Kuhusu zamu: vituo vingi vinafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili usiku, na ukiwa kwenye foleni saa mbili ikigonga utapiga kura. Sheria ya Minnesota inampa mfanyakazi muda wa kwenda kupiga kura na kurudi kazini bila kukatwa mshahara, na mchujo umo. Mwajiri anaweza kukuomba umwarifu mapema ili apange zamu, ila hawezi kukuzuia. Na ukitaka kuepuka yote hayo, upigaji kura wa mapema unaanza siku 46 kabla, bila kuulizwa sababu. Mchujo ni Jumanne ya pili ya Agosti, kwa hiyo kuanzia mwisho wa Juni unaweza kupita ofisi ya uchaguzi asubuhi moja kabla ya kuingia kazini.

Nimesema ya utaratibu, sasa niseme lililo moyoni mwangu, mniwie radhi nikirefusha.

Wewe uko Robbinsdale, eneo bunge la tano, pamoja na Minneapolis yote, Crystal, New Hope, Richfield na majirani zao. Kiti hicho kimeshikwa na DFL mfululizo tangu 1963. Novemba 2022 Ilhan Omar alikichukua kwa karibu robo tatu ya kura. Lakini rudi nyuma miezi mitatu tu, Agosti ya mwaka ule ule, uone alipoponea. Kwenye mchujo alipata asilimia 50.3, na Don Samuels, aliyekuwa diwani wa Minneapolis, akapata 48.2. Tofauti ilikuwa kura 2,466 kwa eneo bunge zima. Kura hizo zingeelemea upande wa pili, Minneapolis ingekuwa na mbunge mwingine, na Novemba isingebadilisha kitu. Mwaka 2024 wawili hao walikutana tena, safari hiyo Ilhan akashinda kwa asilimia 56 kwa 43.

Simwambii mtu amchague nani. Kuna Waswahili hapa wanampenda Ilhan kama mtoto wao, kwa kuwa aliishi kambi ya wakimbizi Kenya kabla ya kufika huku, na kuna wanaompinga kwa dhati, na pande zote mbili wana sababu zao. Ninachowasihi ni kwamba mkitaka kumweka mtu au kumtoa kwenye kiti cha namna hii, mlango ni Agosti. Novemba tunakwenda kwa mamia, tunapiga picha na kibandiko kifuani. Agosti kituoni kwetu nimekaa nusu saa nzima bila kuona sura ya mtu wa kwetu hata mmoja, na nje maegesho ya duka la vyakula vya nyumbani yamejaa.

Wasomali wa Minneapolis walilielewa hili zamani. Mwaka 2016 Phyllis Kahn alikuwa amekaa kwenye bunge la jimbo miaka 44. Aliangushwa kwenye mchujo, na aliyemwangusha ni huyo huyo Ilhan, akiwa hajulikani nje ya mitaa yake. Miaka miwili baadaye Keith Ellison akaacha kiti hiki cha eneo bunge la tano ili agombee uanasheria mkuu wa jimbo, Ilhan akaingia mchujo wenye majina sita na kushinda kwa asilimia 48. Hapa hakuna duru ya pili. Anayeongoza, hata chini ya nusu, ndiye mgombea wa chama. Wenzetu walipita nyumba kwa nyumba, ghorofa kwa ghorofa pale Cedar-Riverside, wazee wakasindikizwa hadi kituoni. Sisi tunazo harambee za misiba na za harusi zinazokusanya watu mia tatu kwa siku mbili. Nguvu hiyo hiyo inatosha.

Na kwa wanaotoka nyumbani wakiwa wamechoshwa na michujo ya vyama, naelewa. Kenya umeona tiketi ya moja kwa moja ikitolewa mezani wakati wananchi wamepanga foleni. Tanzania umeona mtu akiongoza kura za maoni, kisha vikao vya juu vinarudisha jina la mwingine. Hapa mchujo unaendeshwa na serikali ya jimbo na kaunti, kwa kodi zetu, na makarani wale wale wa Novemba. DFL wana mikutano yao ambako wajumbe wanampa mgombea baraka za chama kwa asilimia 60, na jina lake linasambazwa kwenye vipeperushi. Lakini aliyezikosa anaweza kuingia mchujo vile vile, na akishinda hakuna kikao cha kumkata.

Kutoka: Shangazi wa Dallas

Baba Tumaini umenena. Niongeze kwa walioko Texas, maana mtu akisoma hayo ya Minnesota akayafuata huku atapotea.

Huku nako hakuna uanachama wa kujiandikisha, lakini mchujo ni Machi, na kituoni unasema unataka karatasi ya chama gani. Ukishachagua, umefunga kwa msimu huo. Asipopatikana aliyevuka nusu, wawili wa juu wanarudiana Mei, na aliyepiga Machi kwa chama kimoja hawezi kuhamia duru ya pili ya chama kingine. Ambaye hakupiga Machi anaruhusiwa kuingia Mei. Kujiandikisha siku ile ile ya kura hakupo, ni siku 30 kabla, na kituoni utaombwa kitambulisho chenye picha kati ya vile vinavyokubalika. Ukihama apatimenti badilisha anwani yako mapema. Kwaya yetu nzima ilihama mtaa mmoja kwenda mwingine kufuata kodi nafuu, nikawakalisha baada ya mazoezi, tukajaza fomu zote jioni hiyo.

Kutoka: Kaka wa Silver Spring

Maryland ni kinyume kabisa, na hapa ndipo ninapoumia. Mchujo wetu umefungwa: Democrats wanawapigia Democrats, Republicans vivyo hivyo. Wengi wetu tukijiandikisha tunachagua kutokuwa na chama, kwa tabia tuliyotoka nayo nyumbani ya kutojionyesha uko upande gani. Basi siku ya mchujo unapewa karatasi ya bodi ya shule, na mbunge wako anachaguliwa na wengine. Mwaka 2022 eneo bunge la nne, kaunti ya Prince George's ikiwa ndiyo sehemu yake kubwa, Glenn Ivey alipambana na Donna Edwards kwenye mchujo wa Democrats wa Julai, mapambano ya kweli. Novemba ilikuwa kukamilisha tu.

Ukitaka kubadilisha chama Maryland, fanya hivyo angalau siku 21 kabla ya mchujo. Kituoni hawakubadilishii. Pennsylvania na New York nao wamefunga, na New York tarehe yake ya mwisho inakuja mapema zaidi. Walioko Seattle na California wana mtindo mwingine tena: wagombea wote kwenye karatasi moja, wawili wa juu wanakwenda Novemba hata wakiwa wa chama kimoja.

Kutoka: Mama Baraka, Robbinsdale

Asanteni sana, Mungu awabariki. Mdogo wangu nimemsomea yote mezani, amesema hatagusa fomu yoyote bila kunionyesha.

Nimebakiwa na mawili. Leseni yangu bado ina anwani ya Brooklyn Park nilikokuwa nakaa, nami sijajiandikisha popote. Na kule kazini nina bibi wawili, raia wa kuzaliwa hapa, akili zao ziko sawa kabisa, wanasema hawajapiga kura tangu wahamie kwa sababu hawana bili yenye majina yao. Wananiuliza mimi.

Kutoka: Baba Tumaini, Brooklyn Park

La kwanza ni jepesi. Jiandikishe mapema, siku 21 kabla au zaidi, kwa anwani ya Robbinsdale. Ukichelewa, Minnesota inakuruhusu kujiandikisha kituoni siku ya kura. Nenda na leseni hiyo hiyo ya zamani kama kitambulisho, pamoja na bili ya umeme, simu au mkataba wa pango wenye jina lako na anwani mpya. Kuionyesha kwenye simu kunakubalika. Kama ulibadilisha jina ulipoapa, hakikisha ofisi ya Social Security wanalo hilo jipya, maana majina yetu matatu matatu yakigeuzwa mpangilio ndiyo yanayoleta usumbufu. Na usiende kituo cha Brooklyn Park kwa mazoea. Brooklyn Park ni eneo bunge la tatu, utakuta majina mengine, na kupigia kura mahali usipoishi ni kosa.

La bibi zako limenifurahisha. Mpiga kura aliyejiandikisha anaweza kumdhamini jirani wa kituo kile kile, hadi watu wanane, kwa kuapa kwamba anakaa hapo. Lakini mfanyakazi wa nyumba ya wazee anaweza kuwadhamini wakazi wa nyumba hiyo bila kikomo cha idadi, mradi athibitishe kwamba ameajiriwa hapo. Mweleze msimamizi wako kazini, aombe orodha ya wafanyakazi ipelekwe ofisi ya uchaguzi mapema. Ukiwa nao kituoni, kama mkono wa mmoja unatetemeka unaweza kumsaidia kujaza kiduara anachokuonyesha yeye, bila kumshauri chochote.

Nusu ya watu kwenye kundi letu hili mnafanya kazi kwenye nyumba kama hizo. Nipigieni kabla ya mwisho wa Juni nijue ni nyumba zipi na zina wazee wangapi wanaotaka kwenda, tugawane magari. Jumamosi baada ya ibada nitakaa ukumbini na fomu kwa yeyote mwenye uraia ambaye bado hajajiandikisha. Njooni na cheti cha uraia au pasi, nitaangalia kabla sijampa mtu kalamu.